Alimwachia Mungu, Mimi Nikafunga Faili

Siku ya kuniaga ofisini mliniletea keki iliyoandikwa jina langu kwa rangi ya waridi, na jina lenyewe lilikuwa limekosewa. Badala ya Rhoda Mutheu mliandika Rhoda Muthee, na kwa hivyo nikastaafu nikiwa mzee wa Kikuyu. Mmoja wenu akaniuliza kama ningependa kuandikisha malalamiko. Nilimjibu kwamba nitaandikisha nikishamaliza kula, na kipande nilichokatiwa kilikuwa kikubwa, kwa hivyo jambo hilo lilipita.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mliobaki pale dirishani. Habari za vyeo sitazisimulia. Vingine nilipewa, vingine vilipita mlangoni kwangu bila hata kupiga hodi, na hakuna kilichonifunza kazi. Nitasema jinsi nilivyoanza, na nani alinifunza, na kosa moja nililolifanya kwa kalamu yangu mwenyewe. Kosa hilo ndilo lililonifanya afisa wa malalamiko. Kabla yake nilikuwa karani mwenye mwandiko mzuri.

Mimi ni mtoto wa wabara, na wenyeji wangu wanalijua hilo. Baba yangu alitoka Ukambani akapata shamba la skimu ya makazi huko Bongwe, akapanda mikorosho na mihogo, nami nikazaliwa hapo hapo. Nimecheza na watoto wa Kidigo, nimekula futari nyumba za majirani, na watu wa Nairobi wakinisikia naongea hawaamini nikiwaambia jina la ukoo wangu. Lakini nyumbani kwetu tulilelewa na sheria moja. Baba alikuwa akikuita mbele yake, anakwambia, "Sema unachotaka, kisha uketi." Kwa majirani ilikuwa kinyume. Uliketi kwanza, ukaletewa maji, ukaulizwa hali ya mama, ya baba, ya ndugu na ya mbuzi, na shida yako ikaja mwisho, ikiwa itakuja. Nilikua nikidhani nazijua nyumba zote mbili. Kumbe ile ya pili nilikuwa nikiijua mpaka barazani tu.

Ofisi yetu ilipofunguliwa tulipewa chumba kilichokuwa stoo ya mbolea. Harufu haikuisha mwaka mzima, na wageni walikuwa wakidhani inatoka kwangu. Nilihamishiwa hapo kutoka soko la Ukunda, nilikokuwa karani, nikapewa meza, daftari kubwa la kijani, muhuri, na fomu zilizochapishwa mbali sana na Pwani. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye herufi nyekundu: OFISI YA MALALAMIKO. Nikaketi nikangoja. Siku tatu nzima nilipata watu wawili. Wa kwanza alikuwa akitafuta choo. Wa pili alikuwa akimtafuta yule wa kwanza.

Siku ya nne akaletwa Bi Saumu, karani wa mapokezi, mwanamke wa Waa ambaye alikuwa akipokea watu katika ofisi za serikali tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alisimama nje ya mlango akakisoma kile kibao, akakisoma tena, kisha akaingia bila kuweka mkoba wake chini.

"Shikamoo, Bi Saumu," nikamwambia.

"Marahaba. Mwanangu, nani atakayekubali kuonekana akiingia hapa?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba mtu mzima mwenye heshima zake hataki kupita barabarani watu wakimwona anakwenda kulalamika. Kuitwa mlalamishi, kwao, ni karibu na kuitwa mwongo. Mtu atavumilia bomba kavu mwaka mzima kuliko jirani aseme, "Nilimwona fulani ofisi ya malalamiko." Alasiri hiyo akamwita fundi, kibao kikateremshwa, kikaandikwa upya kwa rangi ya buluu: KARIBU. Wiki iliyofuata benchi lilijaa. Mkuu wetu wa wakati huo, ambaye simtaji kwa kuwa bado tunasalimiana, aliandika katika ripoti yake kwamba ongezeko la wananchi lilitokana na mikakati. Bi Saumu aliisoma ripoti hiyo akacheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Yeye ndiye aliyenifunza kazi, na hakuwahi kuniita kunifunza. Alikuwa akisema jambo huku akipanga bahasha, ukilishika umelishika. Kiti cha mgeni kisiikabili meza, kikae pembeni, mtu asihisi yuko mbele ya hakimu. Usimuulize mtu shida yake kabla hajaketi, maana atakwambia hana. Usishike kalamu wakati wa salamu. Na zaidi ya yote, usifunge daftari mgeni anapoaga, kwa sababu jambo lenyewe hulisema akiwa ameshika fremu ya mlango.

Hilo aliliita neno la mlangoni. Nililiona kwa macho yangu mara nyingi. Mama mmoja alikuja akazungumza nami nusu saa: mvua, mihogo yake, afya yangu, harusi ya mjukuu. Akaaga, akanishukuru, akafika mlangoni, akageuka. "Lakini ile zahanati yetu, mwanangu, muuguzi hatujamwona tangu Ramadhani." Tulikuwa karibu na Idi Kubwa. Nikainuka nikamrudisha kwenye kiti, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Si wote waliokuwa hivyo. Watu wa Diani walikuwa wakiandika barua pepe kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, na nakala wakiwapelekea watu kumi na mbili, akiwemo mmoja aliyekuwa amefariki. Vijana wa Ukunda walikuja wakisimama, wakasema shida yao kwa Kiswahili na Kiingereza na Sheng katika sentensi moja, wakaondoka kabla sijapata jina. Hao niliwaweza, walisema kama baba yangu. Kuna kesi ya ufunguo wa choo cha soko moja iliyotumaliza miguu siku tisa, mpaka tukagundua mwenye ufunguo amekwenda matangani na ufunguo uko mfukoni mwake, na soko zima lilikuwa likiomba hifadhi kwenye hoteli ya jirani. Kesi kama hizo zilinipa kiburi. Nilianza kuamini kwamba sikio langu limekamilika.

Ndipo akaja Bi Mejumaa.

Alikuja Jumatatu moja kabla ya masika, kutoka kijiji kilicho nje kidogo ya Msambweni, na Bi Saumu siku hiyo hakuwepo, alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake. Nilikuwa peke yangu. Bi Mejumaa alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, amejifunga leso mbili safi, na alisalimu kikamilifu. Nami nikasalimu kikamilifu, kiti pembeni, kalamu mezani. Nilijiona nimehitimu.

Shida yake ilikuwa hii. Idara inayoshughulikia barabara, ambayo nayo siitaji, ilikuwa imetengeneza barabara inayopita kwao, na mkandarasi akachimba mtaro wa maji ya mvua. Mtaro ulitakiwa uende mpaka bondeni. Lakini ulipofika kwenye ua wa Bi Mejumaa ulisimama. Haukupinda wala haukuendelea, uliishia pale, mdomo wake ukitazama nyumba. Manyunyu ya kwanza tu yalikuwa yameshaingia chini ya ukuta wa chumba cha mumewe.

"Mume wangu ni Mzee Omari," akasema. "Alikuwa fundi seremala. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia, na maneno yamebaki machache. Yuko kitandani. Mvua kubwa ikija, ukuta ukianguka, sisi sote tutakimbia. Yeye hawezi."

Alikuwa ameshamwambia msimamizi wa mafundi, akaambiwa angoje. Alikuwa amemwambia msimamizi wa wadi, akaambiwa angoje. Nikamhurumia kweli. Nikamweleza utaratibu wetu: fomu itakwenda idarani, idara ina siku zake za kujibu, isipojibu tutaandika ukumbusho, kisha ukumbusho wa pili, kisha kikao. Nilieleza vizuri, tena vizuri mno, nikihesabu kwa vidole. Nilipofika kwenye ukumbusho wa pili nikaona uso wake umetulia kabisa. Nikadhani amenielewa.

"Basi, mwanangu," akasema, akikusanya leso yake. "Nimeshukuru. Mimi nimemwachia Mungu."

Akainuka. Nikakumbuka mafunzo yangu, daftari sikulifunga, nikangoja neno la mlangoni. Akafika mlangoni, akavaa ndala zake, akaenda. Hakusema kitu. Sikujua kwamba neno lake alikuwa ameshalisema akiwa kitini.

Chini ya fomu zile za zamani palikuwa na visanduku vitatu: Limetatuliwa, Linaendelea, Limeondolewa. Nilifikiri kidogo. Mama mwenyewe amesema basi, amesema ameshukuru, amesema amemwachia Mungu. Kwa sheria ya baba yangu, mtu huyo amesema anachotaka. Nikaweka tiki kwenye Limeondolewa, na pembeni, kwa ule mwandiko wangu mzuri, nikaandika: "Mlalamikaji ameridhika kumwachia Mungu." Nikapiga muhuri. Mwisho wa mwezi orodha ya faili zilizofungwa ikapelekwa idarani kama kawaida, na yake ikiwemo.

Masika yalipokuja yalikuja kwa nguvu. Wiki ya pili ya mvua alikuja mzee mmoja kuulizia kibali chake, akahudumiwa, akaaga, akafika mlangoni, akageuka. "Mlisikia ya Bi Mejumaa? Ukuta umelala chini. Adhuhuri ya juzi."

Nikauliza, "Na Mzee Omari?"

"Alhamdulillahi, ukuta uliangukia nje. Tulimtoa kwa kitanda chake, maji yakiwa magotini."

Alipoondoka nikaitoa ile faili, na niwaambie ukweli, niliitoa ili nijitetee. Nikamwekea Bi Saumu mezani. "Huyu mama alikuja, lakini aliliondoa mwenyewe," nikasema. "Tazama."

Bi Saumu akasoma. "Alisema maneno gani hasa?"

Nikamwambia. Akavua miwani, akaiweka juu ya ile fomu, akanitazama kwa muda ambao ningelipa nusu ya pensheni yangu usipite tena.

"Rhoda, mtu huyu hakuondoa kitu. Amekushitaki. Amekushitaki wewe na idara na mkandarasi na msimamizi wa wadi, wote kwa pamoja, kwa Mola wake. Mtu wa kwetu akikwambia amemwachia Mungu hajaridhika. Amekata tamaa na wewe. Huko kijijini neno hilo likisemwa, aliyeambiwa halali."

Nililia, na sioni haya kuandika. Nilikuwa nimezaliwa hapa, nimeongea lugha hii tangu kinywa changu kifunguke, na neno hilo nilikuwa nimelisikia mara elfu. Nililisikia kwa sikio la Bongwe nikaliandika kwa mkono wa Ukambani.

Kesho yake nikavaa gambuti, nikachukua futi ya fundi na kamera ya ofisi, nikaenda. Niliupima ule mtaro. Kutoka mdomo wake hadi msingi wa nyumba zilikuwa hatua zangu sita. Ukuta ulikuwa rundo la udongo na mawe, na kitanda cha Mzee Omari kilionekana kutoka barabarani. Bi Mejumaa alinipokea jikoni kwa jirani, akanitengenezea chai ya tangawizi kana kwamba nimekuja kumtembelea. Nilikataa kuketi mpaka niseme lililonileta. Mara hiyo sheria ya baba ilinifaa.

"Bi Mejumaa, nimekuja kukuomba radhi. Ulinipa shitaka, mimi nikaandika umeliondoa."

Akaendelea kukoroga chai. Kisha akasema, "Keti, mwanangu. Sasa umesikia."

Nikamuuliza anataka nini, na mara hii nikangoja jibu bila kuhesabu vidole. Akasema hataki mtu afungwe. Mumewe alikuwa amepelekwa kwa mpwa wake, huko huko kwetu Bongwe, kwa sababu kijijini hapakuwa na nyumba yenye nafasi. Kwa miaka arobaini na mmoja hawakuwahi kulala vijiji tofauti. "Nataka arudi chumbani kwake akiwa hai," akasema. "Na akirudi, maji yasimfuate."

Jioni hiyo nikipita kuelekea nyumbani niliingia kwa yule mpwa. Mzee Omari alikuwa uani kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kushoto juu ya mwingine. Nikamwamkia. Akaniangalia, akahangaika na ulimi wake, akasema, "Nyumbani?" Alikuwa akiniuliza. Nikamwambia nitarudi.

Mkuu wangu alikuwa na wazo, na halikuwa wazo la mtu mbaya. Alisema tusifukue faili ya zamani. Tufungue mpya, namba mpya, tarehe ya leo, ukuta umeanguka, mama analalamika, basi. Hakuna atakayejua habari ya tiki. Nilitamani sana kukubali. Lakini nilikuwa nimefanya kazi na watu wa idara ile muda wa kutosha kujua watakavyojibu. Faili mpya ingesema kwamba malalamiko yalifika baada ya ukuta kuanguka, nao wangesema ilikuwa mvua ya Mungu, nani angejua? Tarehe ya zamani ndiyo iliyoonyesha kwamba Bi Mejumaa alisema wiki sita kabla, mvua kubwa haijaja, na kuurekebisha mtaro kungekuwa kazi ya siku mbili. Mama yule hakuwa na ushahidi mwingine isipokuwa fomu ile, na fomu ile ilikuwa na aibu yangu chini yake. Hukuweza kuuchukua ushahidi ukaiacha aibu.

Nikaifungua ya zamani.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya wadi. Alikuwepo injinia wa idara, kijana wa bara kama mimi, mtu wa heshima ambaye hakuwa ameuchimba mtaro ule kwa mikono yake lakini ndiye aliyeipokea kazi hiyo kwa niaba ya idara. Alikuwepo Bwana Bakari, msimamizi wa wadi, mwenyeji wa Msambweni. Bi Mejumaa aliketi karibu na Bi Saumu. Injinia alianza na mvua ya Mungu, kama nilivyotabiri, na nilipoonyesha tarehe akatabasamu akatoa karatasi kwenye mkoba wake. Ilikuwa ile orodha yetu ya mwisho wa mwezi.

"Lakini madam, si huyu mama aliwithdraw? Ni nyinyi mlituandikia. Hii si ni mwandiko yako?"

Nikasimama. "Ni mwandiko wangu," nikasema. "Tiki hiyo niliiweka mimi, na nilikosea. Mama hakuondoa malalamiko. Alisema amemwachia Mungu."

"Si ndio hiyo? Amewachia Mungu. Imeisha."

Sikumjibu yeye. Nilimgeukia Bwana Bakari. "Bwana Bakari, wewe ni mtu wa hapa. Jirani yako akija mlangoni kwako, akakwambia, 'Bakari, mimi nimemwachia Mungu,' utafanya nini?"

Bwana Bakari alikuwa akitazama sakafu muda wote. Kisha akasema, polepole, "Nitawatafuta wazee, twende kwake kumwomba radhi. Siku hiyo hiyo. Sitangoja kesho."

"Na Bi Mejumaa alipokuja kwako, alikwambiaje?"

"Aliniambia hivyo hivyo," akasema Bwana Bakari. Akainuka, akavuka chumba, akainama mbele ya Bi Mejumaa. "Mama, niwie radhi."

Bi Mejumaa akampa mkono. Injinia alimwangalia Bwana Bakari, akaniangalia mimi, akaikunja ile orodha mara nne. Naona hapo ndipo alipoelewa kwamba amekaa Pwani miaka miwili akiambiwa mambo mazito na watu wengi wapole, naye akiyaandika kuwa yameisha. Nilimjua. Nilikuwa yeye.

Uamuzi nikauandika mwenyewe: mtaro upelekwe bondeni, kalvati ya kupitisha maji chini ya njia iwekwe, ukuta ujengwe upya kwa mawe na simiti. Na aya ya kwanza ya uamuzi huo ililaumu ofisi yetu kabla ya kuilaumu idara. Mkuu akaniuliza kama nina hakika na aya hiyo. Nikamwambia aipige muhuri. Katika karatasi zote nilizowahi kuandika, hiyo ndiyo ninayojivunia zaidi, na nakala yake iko kwenye kabati la vikombe nyumbani.

Idara ilikubali kila kitu kwa dakika kumi, kisha haikufanya lolote kwa miezi miwili. Mnajua ofisi yetu haina pingu wala askari. Tuna barua na miguu. Barua zilipokwisha nikatumia miguu. Kila Jumanne asubuhi nilikwenda idarani, nikaketi mapokezini na faili mapajani, nikamsalimu kila aliyepita, hali yake, watoto wake, wazazi wake. Wakiniuliza ninataka nini, ninajibu, "Nimekuja kusalimia tu." Jumanne ya tatu Bi Saumu akaja nami na chupa ya chai, akawasalimu hata wale niliowaacha. Jumanne ya sita katibu muhtasi akaingia kwa injinia, na kupitia mlangoni tukamsikia akisema, "Tafadhali wafanyie wale akina mama kazi yao, mimi siwezi tena kuulizwa hali ya nyanya yangu." Wiki iliyofuata mafundi walikuwa Msambweni.

Wakati huo huo fomu ikabadilishwa. Mnayoitumia leo haina kile kisanduku. Ina mistari mitatu ya maneno ya mwenye shida kama alivyoyasema, si kama tulivyoyaelewa, na chini kabisa pana mahali pa sahihi yake au dole gumba. Faili haifungwi bila hiyo. Najua mnanung'unika kwamba faili zinakaa wazi muda mrefu. Zikae.

Siku ya kukabidhi kazi kijijini kwa Bi Mejumaa, idara ilikuja na lori, mafundi na mpiga picha. Mtaro ulikuwa umepindishwa kuelekea bondeni, safi kabisa. Ukuta ulisimama mpya. Mbele ya ua, kuvuka mtaro, mafundi walikuwa wameweka kidaraja cha zege. Injinia alikuwa ameshika fomu yetu na kalamu, na kwa haki, alikuwa amefanya kazi nzuri na alijua.

Bi Mejumaa aliizunguka nyumba peke yake. Akaubonyeza ukuta kwa kiganja, akaingia chumbani, akatoka. Tukangoja. Kisha gari la mpwa likafika kutoka Bongwe, Mzee Omari akateremshwa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, kofia mpya. Mpwa akakisukuma mpaka kwenye kidaraja. Gurudumu la kushoto likapanda. La kulia likabaki hewani. Akajaribu tena kwa pembe, ikawa vile vile.

"Si kitu, mama, tutambeba," injinia akasema upesi. "Vijana, shikeni huku na huku. Tia sahihi hapa tupige picha."

"Leo mtambeba nyinyi," Bi Mejumaa akasema. "Ijumaa akitaka kwenda msikitini, atabebwa na nani?"

Hakungoja jibu. Akanigeukia mimi, na hakuniamkia, wala hakuniuliza hali, wala hakutaja mvua. "Rhoda, andika. Daraja ni jembamba. Kiti cha mume wangu hakipiti."

Nikaandika neno kwa neno. Katika miaka yangu yote dirishani sikuwahi kupokea malalamiko matamu kama hayo.

"Mama, si ungeshukuru kwanza?" injinia akauliza, na hakuwa na ubaya.

"Nitashukuru akipita."

Akaagiza kigoda, akaketi kando ya mumewe, upande ule wa barabara, akaiweka fomu mapajani bila kuitia alama. Mzee Omari akaiangalia nyumba yake iliyokuwa hatua chache mbele yake, akamwangalia mkewe, akatulia. Injinia akanitazama, akitaka nimsaidie.

Nikamwambia faili hiyo si yangu kuifunga. Akawaita mafundi wateremshe tena simiti kutoka kwenye lori.